Ngazi Moja, Milango Kumi na Miwili

Jumamosi asubuhi Kenyatta Market, kabla hujaufikia moshi wa nyama choma, utakuwa umeshaitwa "madam" au "siz" mara kumi. Wasusi wa pale hawangoji mteja aulize, wanamwendea na kichana mkononi. Siku moja usiende kusukwa, kaa tu kando utazame kazi. Kwanza ni bei: mtindo gani, unafika wapi, nywele za kuongezea ni za nani, mteja anataka kuondoka saa ngapi. Hayo yakiisha ndipo kichana kinagusa kichwa. Mteja akiwa na haraka, wanakuja wasusi watatu, hata wanne. Mmoja anashika kisogo, mwingine utosi, wawili waliobaki wanagawana pande za masikio. Mikono minane juu ya kichwa kimoja, na husikii mtu akilalamika kwamba ameingiliwa upande wake. Kazi ikiisha, pesa zinagawanywa pale pale, kila mmoja akiona.

Jioni mmoja wa wasusi hao anarudi kwake, ghorofa ya nne ya jengo lisilo na lifti, na anapanda ngazi akimulika kwa tochi ya simu. Balbu ya ngazini iliungua mwezi wa pili. Sasa ni mwezi wa tano. Milango iko kumi na miwili, na kila mlango unaungoja mwingine.

Nimekaa karibu na soko hilo zaidi ya miaka kumi, nimehama majengo matatu, na katika mojawapo nilikuwa mweka hazina wa ngazi kwa miaka minne, cheo ambacho nilipewa kwa sababu nilichelewa kufika mkutanoni. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa hasara. Mengi yanarudi pale pale kwa wasusi: elewaneni kabla kichana hakijagusa kichwa, na sehemu ya kila mtu ionekane.

Nairobi haikuanza jana kukaa watu wengi chini ya paa moja. Kule Majengo, Pumwani, mtaa ulioanza miaka ya 1920, nyumba ilikuwa na ujia katikati na vyumba huku na huku, choo na mahali pa kuogea nyuma. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke, alikuwa analala humo humo. Ugomvi wa kufagia uwanja ulikuwa na hakimu, na hakimu huyo alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Nyumba za serikali zilibadilisha hali hiyo. Bodi ya nyumba iliyoanzishwa na wakoloni mwaka 1953 iligeuka kuwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1967, nalo likajenga sehemu kubwa ya mitaa inayotuzunguka huku: Golf Course, Nyayo Highrise, Onyonka na Otiende kule Lang'ata. Nyumba zilikuwa imara, lakini hakimu hakai tena mlangoni. Mwenye nyumba yuko Kisii, au Dallas, au ni ofisi yenye foleni.

Mwaka 2009 familia za Soweto East, Kibera, zilihamishiwa kwa muda, ili kwao pajengwe upya, kwenye majengo 17 yenye nyumba 600 kule Lang'ata, mtaa ambao wakazi wenyewe waliuita Kanani. Familia moja ilipewa chumba, na jirani yake chumba kingine katika nyumba hiyo hiyo, halafu jiko na choo vikawa vya wote. Mtu alitoka kwenye mabati akaingia kwenye ukuta wa mawe, ila swali la nani ameacha sufuria chafu kwenye sinki halikubaki Kibera. Mwaka 2016 nyumba 822 zikafunguliwa pale pale Soweto East, na safari hii kila familia ilikuwa na jiko lake. Ngazi, paa, tangi na geti vilibaki vya wote, kama vilivyo kwangu na kwako.

Anza na ngazi yako

Kosa la kwanza tulilofanya ni kuunda kamati ya mtaa mzima. Mwenyekiti, makamu, katibu, katibu mwenezi. Mkutano wa kwanza ulichukua saa tatu, na kwa saa mbili kati ya hizo tulijadili jina la kamati. Watu wa jengo la mwisho, ambao hawajawahi kukosa maji, hawakuona kwa nini wachangie pampu ya jengo la kwanza. Baada ya miezi mitatu katibu mwenezi peke yake ndiye aliyekuwa bado anatuma ujumbe.

Anza na watu wanaokanyaga ngazi unayokanyaga wewe. Milango kumi, kumi na miwili, haizidi kumi na sita. Hao mnajuana sura, mnajua nani hupika maharagwe usiku na mtoto wa nani ana pumu. Mkutano ufanyike pale ngazi inapopinda, Jumapili saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wamesimama. Msilete viti. Kiti kinazaa hotuba. Kwa dakika ishirini mlizonazo, zungumzeni jambo moja tu, na liwe dogo kiasi kwamba haliwezi kushindikana. Sisi tulianza na balbu. Ilikuwa ya shilingi 240, kwa milango 12 ikawa shilingi 20 kila mlango. Hakuna aliyekosa. Kijana wa ghorofa ya pili akaifunga usiku huo huo, na wiki mbili zilizofuata watu waliisifu balbu ile kana kwamba ni ya uwanja wa Nyayo.

Msiguse maji kabla ya balbu. Mkianza na maji mtagombana, na hamtakuwa na kitu hata kimoja mlichowahi kukifanya pamoja cha kuwarudisha.

Kila kitu cha wote kiwe na mtu mmoja wa kukijibia, na asiwe yule yule. Ufunguo wa paa uwe na mtu wake, tokeni za umeme wa ngazi na pampu ziwe na wake, takataka ziwe na wake. Mkiyabebesha yote mtu mmoja mwenye moyo, atachoka mwezi wa nne, na siku atakayohama mtagundua hamjui hata namba ya mita. Sisi tulimpa shosho wa chini ufunguo wa paa kwa sababu hatoki, na kwa sababu hakuna mtu mzima wala mtoto anayeweza kumdanganya. Vijana wakienda kumuomba wapande kuvuta hewa, anawauliza, "Hewa ya hapa chini imeisha, mjukuu wangu?"

Maji yapimwe

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na jiji limekua kupita mabomba yake. Ndiyo maana kuna mgao: mtaa wako una siku zake, mtaa wa ng'ambo una zake, na ratiba ya kampuni ya maji hupatikana kwa yeyote anayeitafuta. Iandikeni muibandike kwenye ukuta wa chini. Utashangaa ni wangapi wamekaa mtaani miaka mitano bila kuzijua siku zao.

Halafu fanyeni hesabu ya tangi. Tuseme mna tangi la lita 10,000 na milango 12. Nyumba ya watu wanne wasiofuja hutumia kama lita 150 kwa siku. Hiyo ni lita 1,800 kwa jengo zima, na tangi likijaa litawafikisha siku tano na nusu. Mkikaukiwa siku ya nne, kuna maji yanakwenda mahali, na hapo ndipo majirani huanza kutajana.

Kwetu lawama zilimwangukia mama wa ghorofa ya tatu, mwenye watoto wanne na mama fua kila Jumamosi. Maneno yalisemwa kwenye grupu la WhatsApp ambayo ana kwa ana yasingesemwa. Akajibu kwa sentensi moja tu: "Njooni mpime." Alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyekuwa amepima kitu.

Kupima si kazi ya injinia. Tulipanda paani saa tano usiku, tukateremsha ufito mkavu ndani ya tangi mpaka chini, tukautoa na kuweka alama ya kalamu pale palipolowa. Tukarudi saa kumi alfajiri, kabla mtu wa kwanza hajaoga. Maji yalikuwa yameshuka sentimita nne. Upana wa tangi letu, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ulikuwa mita 2.2. Ukichukua nusu yake, yaani 1.1, uizidishe kwa yenyewe kisha kwa 3.14, unapata mita za mraba 3.8 hivi. Maana yake kila sentimita moja ya kina ni lita 38. Sentimita nne ni kama lita 150, zimeondoka kwa saa tano watu wote wakiwa wamelala. Kwa siku nzima ni lita zaidi ya 700. Siku zetu tano na nusu zilikuwa zimepungua zikawa hazifiki nne.

Maji yanayopotea usiku kimya kimya mara nyingi hupotelea chooni. Mpira wa tangi la choo ukichakaa, maji huteremka kwenye bakuli kama uzi, bila sauti. Kujua ni rahisi: tia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji kwa dakika ishirini, kisha tazama bakuli. Tuligawa kichupa kimoja cha rangi nyekundu, mlango kwa mlango, Jumapili moja baada ya kanisa. Mlango wa kwanza, maji meupe. Wa tatu, meupe. Kwa yule mama wa watoto wanne, meupe kabisa, na watoto wote wanne wamejipanga mlangoni mwa choo kuangalia.

Bakuli lililogeuka jekundu lilikuwa langu.

Fundi wa mabomba alibadilisha mpira kwa shilingi 350 pamoja na ufundi. Nilipanda ghorofa ya tatu na mkate na pakiti mbili za maziwa, nikaomba msamaha mlangoni. Alinitazama kidogo, akasema, "Ingia, baba. Maziwa hayo utayanywa hapa." Tangu siku hiyo ngazi ile haikulaumu mtu kabla ya ufito kupanda paani.

Mkiwa paani usiku huo, tazameni pia kifuniko cha tangi kama kimekaa sawasawa, maana njiwa na panya nao hunywa. Na kabla mvua za Machi hazijaanza, tangi lioshwe. Litoeni maji siku moja kabla ya siku yenu ya mgao, ili mlichokimwaga kirudi kesho yake.

Pesa ionekane ukutani

Sijaona ngazi iliyovunjika kwa sababu ya wizi mkubwa. Zimevunjika kwa sababu ya mashaka ya shilingi mia mbili. Mweka hazina anapokea kwa simu yake mwenyewe, michango inachanganyika na nauli yake na karo ya mtoto, na siku akiulizwa hana pa kuanzia. Siye mwizi, ila hawezi kulithibitisha.

Kama mchango unazidi wa balbu, andikisheni kikundi. Sheria ya kuandikisha vikundi vya jamii ya mwaka 2022 inawaruhusu, na ofisi ya maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yenu ndiyo inayoshughulikia. Cheti hicho ndicho kinachofungua akaunti ya benki na namba ya malipo kwa jina la kikundi. Wekeni watu watatu wa kuidhinisha, pesa isitoke bila wawili. Kisha kila tarehe 5 karatasi moja ipachikwe chini, karibu na masanduku ya mita: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, pamoja na risiti ya tokeni.

Jambo moja tulilobishana sana ni kama tupachike majina ya wasiolipa. Nilikuwa upande wa kupachika, na nilikosea. Mtu akiona jina lake ukutani, mbele ya wageni na watoto wake, halipi tena hata akiwa nazo. Tukageuza: karatasi ina namba za milango yote, na mlango uliolipa unawekewa tiki ya kijani. Mwenye deni hajaandikwa popote, anajiona tu hana kijani. Mweka hazina humwendea faragha, jioni, baada ya mwisho wa mwezi, tena hamkuti mezani.

Tengeni akiba ya matengenezo makubwa, hata ikiwa kidogo. Singapore, ambako watu wengi wanakaa nyumba za serikali, sheria inazilazimisha halmashauri za mitaa kuweka sehemu ya ada ya kila mwezi kando kwa ajili ya lifti, paa na nyaya, na pesa hiyo haiguswi kununulia fagio. Sisi tulilipa shilingi 300 kwa mwezi, mia moja ikaenda kwenye akiba. Milango 12 kwa mwaka ni shilingi 14,400. Pampu ilipoungua mwaka wa tatu, hakuna aliyepita mlango kwa mlango na bakuli. Ile mitaa mipya ya nyumba za bei nafuu, kama ule wa Park Road, Ngara, wenye nyumba 1,370, itaishi au itachakaa kwa jambo hili kuliko kwa rangi yake. Anayekatwa asilimia 1.5 ya mshahara chini ya sheria ya mwaka 2024 aulize nyumba itajengwa lini, halafu aulize nani atalitengeneza paa mwaka wa kumi na tano.

Kamba, takataka, usingizi

Haya ni madogo na ndiyo yanayokosanisha watu zaidi.

Kamba za nguo msizigawe kwa siku. Tulijaribu: Jumatatu ghorofa ya kwanza, Jumanne ya pili. Mvua ikanyesha Jumanne nzima, na ratiba ikafa siku hiyo. Kila mlango uwe na kamba yake, nguzo zimepakwa namba kwa rangi, na mwenye nguo nyingi aombe ya jirani. Blanketi lianikwe upande usiotiririsha maji juu ya shati la mwenzako.

Mfuko wa takataka usilale nje ya mlango. Utoke asubuhi ya siku ya gari, si usiku wake, la sivyo paka ataupasua na ngazi nzima itajua mlikula samaki. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zile kavu. Ndoo mbili chini ya ngazi zinatosha, na ile ya maganda hujaa kwanza. Jiko la makaa na pikipiki visiwekwe ngazini hata kwa usiku mmoja. Siku ya moto, hiyo ndiyo njia pekee mliyo nayo, na moshi wa jiko moja unajaza ghorofa nne.

Kelele zinahitaji busara ya mahali petu. Tuko hatua chache kutoka Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mbagathi, na karibu kila ngazi ina muuguzi au daktari mwanafunzi anayerudi saa mbili asubuhi akiwa hajafumba jicho. Kwake usiku ni mchana. Mtu wa namna hiyo kwetu alitundika kitambaa cha bluu kwenye kitasa akilala, akatueleza mara moja tu maana yake. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kukiheshimu. Walikuwa wakipita pale kwa vidole.

Na jirani wa redio? Usimgongee saa sita usiku. Utakuwa na hasira, naye atakuwa na wageni wa kuwaonyesha kwamba haogopi mtu. Ngoja kesho jioni, umkute getini akiwa na mboga mkononi, mzungumze mkitembea. Mwambie ukuta gani unapitisha sauti, maana mara nyingi hajui. Kwetu spika ilikuwa imewekwa sakafuni, na kuihamisha juu ya meza yenye kitambaa kizito kuliwapa majirani wa chini usingizi bila yeye kupunguza sauti hata kidogo. Kelele ikiwa ya biashara au ya mikesha isiyoisha, kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo, na malalamiko hupelekwa kwa NEMA, mamlaka ya mazingira, au kaunti. Peleka barua yenye tarehe na saa, imetiwa sahihi na milango mitatu au minne. Barua ya mtu mmoja husomwa kama chuki.

Grupu la WhatsApp liwe la matangazo: maji yamekuja, fundi atafika saa nne, gari la taka limechelewa. Ubishi upelekwe ngazini. Simu haionyeshi uso wa mtu unayemuumiza.

Kabla hujahamia, na siku ukihama

Msimamizi wa ploti atakuonyesha nyumba saa tano asubuhi, wakati watu wako kazini, maji yanatiririka na jua limeingia sebuleni. Mshukuru, halafu rudi peke yako saa moja jioni, siku isiyo ya mgao. Fungua bomba la ghorofa ya juu. Panda ngazi bila tochi. Sikiliza. Angalia karatasi za ukutani: jengo lenye tangazo moja lililofifia la mwaka juzi lina majirani wasiozungumza. Kisha nunua sukuma ya thelathini kwa mama mboga wa getini na umuulize maji huja lini. Yeye hana nyumba ya kupangisha.

Uliza kwa maandishi nani analipa ada ya huduma, maana kuna wapangaji wengi waliofikiri imo ndani ya kodi. Kodi na amana zilipe kwa benki au simu, si mkononi. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila sinki, kila kioo, na umtumie msimamizi siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Amana ikikataliwa bila sababu siku ya kuondoka, usitegemee baraza la kodi za nyumba. Sheria yake ya zamani inagusa nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na karibu na soko letu hizo ni hadithi. Mahakama ya madai madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Picha zako na risiti zako ndizo mashahidi.

Ukinunua, sheria ya mwaka 2020 inayohusu umiliki wa nyumba za ghorofa inakupa hati ya nyumba yako pamoja na fungu lako katika ngazi, paa na uwanja. Wenye nyumba wote wanakuwa wanachama wa shirika moja linaloweza kushtaki na kushtakiwa, lenye kanuni zake na kamati ya kusuluhisha migogoro ya ndani. Kabla ya kulipa, omba kanuni hizo uzisome, omba hesabu za mwaka uliopita, na uulize nyumba ngapi zina deni la ada. Muuzaji akikuambia mambo hayo yatapangwa baadaye, kichana kimeshagusa kichwa na bei haijatajwa. Na wenye nyumba wanaoishi mbali wasiwasahau wapangaji. Mpangaji hana kura katika shirika, lakini ndiye anayejua saa tangi linapokauka. Mwalikeni mkutanoni azungumze.

Siku ukihama, kabidhi kwa mikono. Daftari la michango, namba ya mita ya ngazi, simu ya fundi wa pampu, yote yaandikwe na kupokewa. Ufunguo wa paa mpe mtu kwa jina, mbele ya mtu wa pili, na mwandike tarehe. Mwaka ambao shosho alikwenda kukaa kijijini na mjukuu wake, tulibadilisha kufuli la paa mara tatu, na hadi leo nadhani funguo zetu mbili zinaishi Rongai.